Somo la Mwezi: Simu Yetu, Daftari Letu, Siri Zetu



Siku hizi simu ndiyo benki yetu na posta yetu. Mchango hupitia simu, habari za matanga hupitia simu, hata bei ya mahindi tunaulizia kwa simu. Lakini je, simu hiyo inampa nani habari zetu? Na sisi wenyewe, habari za wenzetu tunazitunza namna gani? Tufuate njia tuliyoizoea ya kuona, kupima na kutenda.

TUONE

Simu ikiwa imewashwa, hata ile ndogo ya "mulika mwizi", huwasiliana na mnara ulio karibu ingawa hupigi. Kwa hiyo kampuni ya simu inaweza kujua uko upande gani. Ukipiga, kompyuta ya kampuni huweka namba iliyopiga, namba iliyopigiwa, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliotumika. Maneno mliyosema hayamo katika orodha hiyo. Hata hivyo, anayeisoma atajua umempigia daktari gani au wakili gani, na usiku wa jana ulikuwa upande gani. Na kwa kuwa laini imesajiliwa kwa kitambulisho, jina lako linajulikana.

Polisi hutumia orodha kama hizo kuwatafuta wezi na watekaji nyara, na hiyo ni kazi njema. Lakini jembe lile lile linalopalilia laweza kukata mche. Orodha hiyo yaweza kutumiwa kumfuata mwananchi ambaye kosa lake ni kuuliza pesa za barabara zilienda wapi.

Halafu kuna karatasi. Mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wameandikishwa katika vyama vya kisiasa bila wao kujua. Anayekuandikisha hivyo anahitaji nini? Jina lako na namba ya kitambulisho. Sasa fungueni daftari la kikundi. Hayo yote yamo, pamoja na namba ya simu, na pengine sahihi pia. Je, daftari hilo linalala wapi usiku?

TUPIME

Katiba ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Asipekuliwe yeye, nyumba yake wala mali yake. Mali yake isitwaliwe. Habari za familia yake na mambo yake ya binafsi zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu ya lazima. Mawasiliano yake yasiingiliwe.

Haki hii ina mipaka. Sheria ya usalama ya 2014 iliruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilifuta vifungu vinane vya sheria ile, lakini hicho cha kunasa mawasiliano ikakiacha. Kwa hiyo serikali inaweza kusikiliza, ila ni lazima iwe na sheria na sababu, si kwa sababu ofisa fulani ametaka tu.

Tena tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Anayechukua habari zako akuambie ni za kazi gani, na asizitumie kwa kazi nyingine. Una haki ya kuziona, na zikiwa na makosa zirekebishwe.

Wengine husema, "Mimi si mwizi, sina la kuficha." Tufikirie vizuri. Mama anayeweka akiba kidogo ili watoto wasikose karo, huku mume akiitafuta ya pombe, si mwizi. Mwanachama aliyekopa kwa ajili ya dawa za ugonjwa asiotaka kutajwa si mwizi. Kulinda siri yao ni kulinda heshima aliyowapa Mungu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katika kikundi, kata ni katibu na mweka hazina.

TUTENDE

1. Andikeni yale tu yanayohitajika. Orodha ya mahudhurio haihitaji namba ya kitambulisho. Jina na sahihi zatosha.

2. Daftari la wanachama likae ndani ya sanduku lenye kufuli, pamoja na pesa.

3. Msitume picha za vitambulisho katika kundi la WhatsApp. Ikishatumwa, iko katika simu ya kila mmoja, hata iliyoibwa.

4. Namba ya siri ya M-Pesa asipewe mtu yeyote, hata anayesema anapiga kutoka kwa kampuni. Simu nayo ifungwe kwa namba ya siri.

5. Wenye laini za Safaricom, pigeni *106# mwone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mkiona msiyoijua, mripoti.

6. Kusajili kikundi kwa Sheria ya 2022 kunahitaji majina ya wanachama, na sababu yake inajulikana. Lakini mtu mwingine akija kudai orodha, awe mwanasiasa, mzee wa kijiji au ofisa, mwulizeni kwa adabu: jina lako nani, unatoka ofisi gani, ni ya kazi gani, na una amri ya korti? Andikeni majibu. Msiseme uongo, msigombane. Mwambieni kamati itakaa na kumjibu.

7. Habari zenu zikitumiwa vibaya, mna haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Data. Sheria inakubali malalamiko ya mdomo au ya maandishi, nayo yachunguzwe na kumalizwa kwa siku 90. Asiyejua kuandika asikae kimya.

MASWALI YA KUJADILI

- Daftari letu limepitia mikono ya watu wangapi mwaka huu?
- Ni habari gani tunaziandika bila kuzihitaji?
- Chifu akimwomba katibu orodha yetu kesho asubuhi, katibu atajibu nini? Wawili waigize, wengine watazame.
- Ni nani kati yetu ambaye siri yake ikitoka ataumia zaidi? Msimtaje jina. Kubalianeni tu jinsi ya kumlinda.