Hesabu ya Watu wa Mkoa wa Arusha, na Namna ya Kuihakikisha

Katika sensa iliyofanywa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Mkoa wa Arusha ulionekana kuwa na watu 2,356,255: wanaume 1,125,616 na wanawake 1,230,639. Kwa hesabu kama hiyo shule na zahanati hupangwa. Nayo hunakiliwa toka daftari hata daftari, mjini na Engutoto na vijijini penye mlima wa Meru, na mwenye kunakili aweza kukosea. Basi twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa waalimu, njia mbili za kulitambua kosa.

Njia ya kwanza yaitwa kutupa tisa. Jumlisha tarakimu za hesabu ya wanaume: 1, 1, 2, 5, 6, 1 na 6, jumla yake 22, na 2 na 2 ni 4. Za wanawake ni 24, yaani 6. Nne na sita ni 10, ndiyo 1. Sasa tazama tarakimu za watu wote: ni 28, ndiyo 10, ndiyo 1. Zimepatana. Wala jambo hili si uganga. Kumi ni tisa na moja, mia ni tisini na tisa na moja, elfu kadhalika. Kila moja ya hizo ikigawanywa kwa tisa hubakiza moja tu, na tarakimu ndizo zihesabuzo mabaki hayo.

Lakini njia hii ina upofu wake. Mtu akipindua 5 na 6, akaandika 2,365,255, jumla ya tarakimu ni 28 vile vile. Watu 9,000 wasiokuwapo wameingia mkoani, na kutupa tisa hakukuwaona!

Hapo ndipo yafaa njia ya kumi na moja. Anza kuume, ushike tarakimu moja na kuruka moja: 5, 2, 5, 2, jumla 14. Zilizorukwa ni 5, 6, 3, nazo 14. Toa hizi katika zile: hakuna baki, maana 2,356,255 ni 11 mara 214,205. Kwa wanaume, 15 toa 7 ni 8. Kwa wanawake, 19 toa 5 ni 14, toa 11, hubaki 3. Nane na tatu ni 11. Toa 11, hakuna baki. Zimepatana tena. Lakini ile 2,365,255 yatoa 15 na 13, baki 2, na kosa limefichuka. Tarakimu mbili jirani zisizo sawa zikipinduliwa, njia hii haikosi kuonyesha.

Hata ule upofu wa tisa una faida. Mtunza fedha wa chama cha ushirika akiona daftari na sanduku vyapitana kwa shilingi 900, na 900 yagawanyika kwa tisa, kabla hajashukiwa mtu na atafute kwanza mahali palipoandikwa 5,400 badala ya 4,500.