Taa imewaka kijani, lakini pesa haijaingia

Unauza dirishani nyumbani. Kijana wako ameweka balbu ya rangi juu ya kaunta na kuandika skripti kwenye Home Assistant: ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu yako ya Android, taa inageuka kijani kwa sekunde 10, kisha inarudi nyeupe. Poa sana, hasa jioni mikono ikiwa na unga. Halafu usiku mmoja unapiga hesabu unapata shilingi 850 hazipo, na unakumbuka vizuri taa iliwaka.

Usikimbilie kubadilisha balbu. Mwambie kijana afungue ile automesheni, aende sehemu ya Traces. Hapo utaona ilianza saa ngapi, ni kitu gani kiliianzisha, na iliishia wapi. Weka kando yake taarifa ya miamala ya akaunti yako, mlinganishe saa kwa saa.

Kama taa iliwaka na hakuna muamala wa saa hiyo, umetapeliwa. Mara nyingi skripti inatafuta neno moja tu, kama "umepokea". Neno hilo mtu yeyote anaweza kuliandika kwa simu yake na kukutumia. Skripti isome pia jina la aliyetuma, linalokaa kwenye kichwa cha arifa, na isikubali ujumbe uliotoka kwa nambari ya kawaida. Kisha kwenye programu ya simu, pale pa kuchagua arifa za kusomwa, ruhusu ile ya SMS peke yake. Ukiacha zote wazi, hata ujumbe wa WhatsApp utaiwasha taa, na mambo yako mengine yatasomwa bure.

Hata hivyo, jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa. Kwa hivyo sisi tungeacha kijani kabisa. Weka njano. Kijani kinakuambia "toa mzigo", na skripti haijui kama pesa imeingia. Inajua tu kwamba ujumbe umefika. Njano ikuambie: angalia salio kwanza.

Kuna shida ya pili, kinyume cha hiyo: pesa imeingia na taa imenyamaza. Wateja wawili wakilipa ndani ya zile sekunde 10, wa pili hapati taa, kwa sababu automesheni isipoelekezwa vingine hufanya kazi kwa mpangilio wa "single", na ikiwa bado inaendelea haipokei nyingine. Badilisha iwe "queued", ili wa pili asubiri zamu yake. Ongeza sekunde moja ya taa kuzima katikati, la sivyo utaona mwanga mmoja mrefu na kudhani ni mteja mmoja. Angalia pia kama simu iko kwenye hali ya kuokoa chaji. Hiyo huchelewesha mambo.

Na mtu akikuomba PIN ati ndio aunganishe taa na akaunti, huyo ni mwizi. Skripti hii haihitaji PIN popote.

Mkimaliza, jaribuni. Kijana aandike ujumbe wa uongo kwa simu yake, "umepokea shilingi 500", akutumie. Taa ikiwaka, rudini kwa skripti kabla ya kufungua dirisha.