Presha ya Macho: Picha ya Leo na Picha ya Mwaka Ujao

SOMO LA AFYA KWA VIKUNDI



Mzee akianza kupapasa njia, watu kijijini husema, "Ni uzee huo." Wengine husema ni mtoto wa jicho, atapasuliwa aone tena. Mara nyingi ni kweli, maana mtoto wa jicho hutolewa na mtu akaona. Lakini uko ugonjwa mwingine unaokula macho polepole, bila maumivu, na kile ulichokula haurudishi. Ni glaukoma. Wengi tunauita presha ya macho. Leo tujifunze jinsi picha ya ndani ya jicho inavyosaidia kuugundua na kuuchunga.

1. GLAUKOMA NI NINI?

Nyuma ya jicho kuna neva. Ni kama kamba yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, nayo hupeleka habari za kuona kwenye ubongo. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa na kutoka kila wakati. Yasipotoka vizuri presha hupanda, na nyuzi huanza kufa. Lakini wako watu ambao nyuzi zao hufa hata presha ikiwa ya kawaida. Kwa hivyo kupima presha peke yake hakutoshi.

Kuona kwa pembeni ndiko hupotea kwanza. Kwa hivyo mama anaweza kuchambua ndengu vizuri kabisa, kumbe jicho lake moja limeharibika sana.

Sisi Waafrika hupatwa na ugonjwa huu zaidi kuliko Wazungu, tena mapema. Huko Kongwa katikati ya Tanzania, nchi kavu kama yetu, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2000 ulikuta glaukoma kwa watu kama 4 katika kila 100 wenye miaka 40 na zaidi. Ndugu wa damu na watoto wa mgonjwa wamo hatarini kuliko wengine.

2. PICHA INAONYESHA NINI?

Mahali neva inapokutana na jicho huonekana kama kisahani cha mviringo. Katikati ya kisahani kuna kishimo. Hata mtu mzima wa afya anacho, na wengine wamezaliwa na kikubwa. Nyuzi zikifa, ukingo wa kisahani hupungua na kishimo hupanuka. Sasa shida ni hii: daktari akikiona mara moja tu, pengine hawezi kujua kama ni cha kuzaliwa au ni ugonjwa.

Fikirini korongo la shambani. Mgeni akiliona leo hajui kama liko hivyo miaka 20, au limekula shamba msimu uliopita. Lakini mkipiga kigingi ukingoni, mvua zikiisha mtajua kama korongo limetulia au linaendelea. Picha ndiyo kigingi chetu. Ya kwanza humsaidia daktari kugundua ugonjwa. Ya pili, ikiwekwa kando ya ile ya kwanza, humwonyesha kama ugonjwa umetulia au dawa ibadilishwe.

3. HUPIGWAJE?

Unaweka kidevu mahali pake, unatazama taa, mwanga unamulika, basi. Hakuna sindano. Mara nyingi hutiwa kwanza matone ya kupanua mboni, na macho huona ukungu kwa saa kadhaa. Nenda na mtu wa kukuongoza, na siku hiyo usiendeshe bodaboda.

Katika hospitali nyingine kubwa iko mashine iitwayo OCT. Hutumia mwanga kupima unene wa tabaka la nyuzi, ambao kwa mtu mzima wa afya ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashine hiyo ni ghali.

Je, vijijini? Hapa kwetu Kenya, huko Nakuru, daktari Andrew Bastawrous na wenzake walijaribu kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kamera ya simu. Matokeo kuhusu picha za neva yalichapishwa mwaka wa 2016. Picha zilipelekwa kwa wataalamu wa hospitali ya macho ya Moorfields, London, wakazilinganisha na za kamera kubwa, na zikakaribiana sana. Tena, mtu asiye mtaalamu wa macho, aliyefundishwa tu kutumia kifaa, alipiga picha zilizofaa. Lakini msidanganyike: simu ya kawaida bila kifaa hicho haionyeshi neva. Na picha peke yake haimalizi kazi. Daktari hupima pia presha na kuona kwa pembeni.

4. UKIGUNDULIKA

Matibabu hayarudishi macho yaliyopotea. Hulinda yaliyobaki. Yako matone, leza na upasuaji. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 ulilinganisha leza na matone ya timolol. Baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa macho 61 katika kila 100, na timolol 31.

Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa timolol, maana inaweza kumziba pumzi. Na yale matone ya kuwashwa macho yanayonunuliwa dukani hovyo, mengine yana steroidi. Yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya macho.

5. KAZI YA KIKUNDI

Mwethya hutengeneza matuta na mabwawa ya mchanga. Hata hili tunaliweza.

(a) Andikeni majina ya wanachama wenye miaka 40 na zaidi. Wekeni alama kwa wenye ndugu aliyepofuka. Hao waende kwanza.

(b) Mtumeni mmoja hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui au Wote, aulize siku ya kliniki ya macho, kama kamera ya ndani ya jicho iko, bei, na kile ambacho SHA inalipa. Kama haiko, aulize wanatuma watu wapi. Hospitali ya Kikuyu, kwa mfano, ina kitengo kikubwa cha macho.

(c) Tengeni nauli katika mchango wa mzunguko, ya mgonjwa na wa kumwongoza. Wekeni pia nauli ya kurudi tena. Wengi huenda mara moja, wakaacha.

(d) Mgonjwa aombe nakala ya picha na vipimo, avihifadhi pamoja na kadi. Akihamia kwa mwanawe Nairobi au Mombasa, aende navyo. Bila picha ya zamani daktari mpya anaanza upya.

(e) Chagueni mtu wa kuandika tarehe za kurudi na kuwakumbusha wenyewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni nani kati yetu ana mzazi au ndugu aliyepofuka bila maumivu? Alipimwa?
2. Kwa nini picha moja haitoshi?
3. Mwenzetu akisema, "Naona vizuri, sina haja ya kupimwa," tumjibu nini?

Msiagane leo kabla ya kuandika majina ya watu wa kwanza na tarehe ya kwenda.