Mzee Hajanuna: Kuishi na Parkinson Nyumbani

Mara nyingi familia huanza kwa kulaumu. Mama ameketi barazani, uso mkavu, hacheki na mtu. Babu anaburuta miguu, majirani wananong'ona kuwa amelogwa. Huenda hapo hapana hasira wala uchawi. Parkinson hukaza misuli ya uso hata tabasamu lisitoke, na hufifisha sauti mpaka mtu wa upande wa pili wa simu adhani mtandao umekatika.

Chanzo kiko kwenye ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea kwa wepesi, hufa polepole. Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1817. Hauambukizi. Mpaka leo hauna dawa ya kuumaliza, ila zipo za kupunguza dalili.

Kutwa ya mgonjwa

Kazi ndogondogo ndizo humchosha. Kufunga vifungo vya shati humchukua muda mrefu, na mwandiko huzidi kuwa mdogo kadiri anavyoandika. Mkono hutetemeka zaidi ukiwa umetulia pajani, kisha hupoa kidogo anapounyoosha kushika kikombe. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani anajitetemesha. Wengine hawatetemeki kabisa, wamekakamaa tu.

Mlangoni miguu inaweza kuganda ghafla, kana kwamba imegundishwa sakafuni. Usimvute mkono, ataanguka. Msubiri, kisha mwambie ahesabu "moja, mbili, moja, mbili", au avuke mstari uliochorwa chini. Kwenye daladala mwombe konda asubiri. Kumharakisha humgandisha zaidi.

Yapo pia yasiyoonekana: choo kigumu, pua isiyosikia harufu, kupiga mateke usingizini, huzuni nzito. Baadhi hutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Wazee wengi huona haya kuyataja, basi muulize wewe, taratibu.

Dawa na sahani

Dawa kuu ni levodopa. Saa zake ziheshimiwe, kwani nguvu yake ikiisha mwili hurudi kukakamaa. Nyama, samaki na maharage huweza kuizuia isifyonzwe vizuri, hivyo wagonjwa wengi hushauriwa kuimeza nusu saa kabla ya mlo. Hiyo haina maana aache maharage. Apangiwe saa tu. Na kwa kuwa watu huuliza: ni kweli mbegu za upupu zina levodopa, lakini kipimo chake hakijulikani mtu anapozisaga nyumbani. Asijaribu.

Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wengi wa wagonjwa hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa huu. Ukiona dalili hizi kwa mzee wako, mpeleke hospitali, na uandike saa anazokakamaa na saa anazopata nafuu ili daktari azione. Akishaanza dawa, asiikatishe ghafla bila kumwuliza daktari.