Miastenia Gravisi: Kinga ya Mwili Hubadilikaje Baada ya Tiba?

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku kuhusu afya, husemwa kuwa kinga ya mwili "imeshuka" au "imepanda", kana kwamba ni maji katika mtungi. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa msemo huo hautoshi, na kwamba unaweza kumhatarisha mgonjwa. Mfano wetu ni miastenia gravisi, ugonjwa unaolegeza misuli.

Kiini cha ugonjwa

Neva huuamrisha msuli kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hunaswa na vipokezi vya msuli. Kwa wagonjwa wengi, mwili huunda kingamwili zinazovishambulia vipokezi hivyo. Kope hulegea, kutafuna huchosha, na hata kupumua huweza kutatizika. Mnamo mwaka wa 1973, watafiti Patrick na Lindstrom waliwadunga sungura vipokezi vya samaki wa umeme; sungura hao wakalegea misuli. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mabadiliko baada ya tiba

Kwanza, prednisoloni na azathioprini hupunguza nguvu za kinga kwa upana, hivyo maambukizi ya aina nyingi hupata mwanya.

Pili, rituksimabu huangamiza seli B zenye alama ya CD20. Seli za plazima, ambazo ndizo viwanda vya kingamwili, hazina alama hiyo, kwa hivyo huponea. Ndiyo maana seli B zaweza kutoweka katika damu ilhali kingamwili zingalipo. Kwa kawaida seli B huanza kurejea baada ya miezi 6 au zaidi, na katika kipindi hicho chanjo nyingi hufanya kazi kwa udhaifu.

Tatu, ekulizumabu huziacha kingamwili zilivyo. Huzuia protini iitwayo C5, ambayo kingamwili huitegemea katika kuuharibu msuli. Hata hivyo, protini hiyo pia hutukinga dhidi ya meningokoki, bakteria wanaosababisha homa ya uti wa mgongo. Kwa hivyo mgonjwa huchanjwa angalau wiki 2 kabla ya tiba inapowezekana. Na akipatwa na homa ya ghafla, hana budi kukimbilia hospitali hata kama alichanjwa.

Nne, efgatigimodi, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwezi wa Desemba 2021, huharakisha kuvunjwa kwa kingamwili za IgG, zenye kudhuru na zenye kulinda. Tiba ikikoma, viwango vyake hupanda tena baada ya wiki kadhaa.

Hitimisho

Ni bayana kuwa wagonjwa wanne wanaweza kuambiwa kuwa kinga yao "imeshuka", na kila mmoja akawa na hatari yake. Mgonjwa na jamaa zake wamuulize daktari: ni sehemu gani ya kinga iliyoguswa, kwa muda gani, na ni chanjo zipi zinazofaa? Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kulitafutia kila badiliko jina lake, ili jibu la daktari limfikie mgonjwa likiwa kamili.