Jometri kati ya Kitale na Bungoma: Kiswahili katika Ufundishaji wa Uhusiano wa Pembe

Mwanafunzi wa shule ya upili anapochorewa mistari miwili inayokatwa na mstari wa tatu, aghalabu hukimbilia kutafuta herufi. Akiiona Z, huandika kwamba pembe mbili zinalingana. Akiiona F, vivyo hivyo. Akiiona U, hujumlisha kupata nyuzi 180. Mbinu hii ni rahisi kukumbukwa, na mwalimu anayeianzia hastahili lawama. Kasoro yake ni kwamba herufi hizo hujitokeza hata pale ambapo mistari miwili si sambamba, na hapo usawa wote huporomoka. Makala haya yanajadili namna ambavyo Kiswahili kinaweza kumrejesha mwanafunzi kwenye sharti hilo lililosahaulika, kwa kutumia mazingira ya Kitale na Bungoma.

Ikumbukwe kwamba hisabati katika shule za upili za Kenya hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, katika mji kama Kitale, ambako Mbukusu, Mpokoti, Msabaoti, Mkikuyu na Mturkana hukutana sokoni, lugha ya kueleweshana ni Kiswahili. Darasani mwanafunzi hupokea majina ya pembe asiyoyasikia kwingineko, akayakariri pasipo kuyahoji. Majina ya Kiingereza ya jozi zinazofikisha nyuzi 90 na zile zinazofikisha nyuzi 180 yanakaribiana kwa sauti kiasi kwamba kuyachanganya si ajabu. Kiswahili kinaweza kutaja jambo lenyewe: pembe zinazokamilisha pembe mraba, na pembe zinazokamilisha mstari ulionyooka. Ni maneno marefu, na huenda mtunga kamusi asiyapende, lakini jumla imo ndani yake. Aidha, kukamilisha hakudai ujirani. Pembe ya nyuzi 30 kwenye lango la shule na ya nyuzi 60 kwenye paa la bweni hukamilisha pembe mraba ingawa hazijawahi kugusana.

Kutokana na hatua hiyo, mengine hufuata kwa hoja badala ya kukariri. Mistari miwili ikikatana, huzaa pembe nne. Tuseme moja ni nyuzi 50. Jirani yake lazima iwe 130, kwa kuwa mbili hizo hukamilisha mstari. Ile inayoitazama ya kwanza kutoka upande wa pili wa makutano nayo ina jirani huyo huyo wa nyuzi 130, hivyo haina budi kuwa 50. Pembe mkabala zinalingana kwa sababu zina jirani mmoja.

Mistari sambamba yenyewe haitafutwi mbali. Kitale ni nyumbani kwa kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa mwaka 1956, na mahindi yameizunguka shule karibu kila upande. Mistari ya mahindi hupandwa kwa kamba, kwa nafasi ya sentimita 75 hivi kati ya mstari na mstari. Njia nyembamba ikilikata shamba kimshazari, hiyo ndiyo mkato. Wanafunzi wakibeba kipimapembe kikubwa cha ubaoni na uzi wa fundi mwashi, watapima pembe ya nafasi moja katika kila mstari na kupata vipimo vinavyokaribiana sana. Kisha wapelekwe kwenye kona ambako mpandaji aliiacha kamba na mstari ukapinda. Pembe hubadilika papo hapo. Kona hiyo iliyoharibika ina faida kuliko shamba zima lililonyooka, kwa maana humwonyesha mwanafunzi kuwa usambamba ndio unaoleta usawa. Nani angeweza kuchora kosa hilo ubaoni kwa uzuri huo?

Pembe mbadala, yaani zile zilizo kati ya mistari miwili, kila moja upande wake wa mkato, zinathibitishwa kwa kuunganisha mambo mawili yaliyotangulia: moja ni mkabala wa pembe iliyo katika nafasi moja na ile nyingine. Zilizo upande mmoja wa mkato hujumlishwa kuwa nyuzi 180.

Manufaa ya haya huonekana wazi katika mada ya mielekeo ya dira, inayowasumbua watahiniwa wengi. Kitale ipo karibu nyuzi 1.02 kaskazini mwa ikweta na nyuzi 35.00 mashariki, Bungoma karibu nyuzi 0.57 kaskazini na 34.56 mashariki. Tofauti ya kusini na tofauti ya magharibi zinakaribiana mno, na karibu na ikweta uzi wa longitudo una urefu unaokaribia kabisa ule wa latitudo. Kwa hiyo Bungoma iko takriban kusini-magharibi mwa Kitale, umbali wa kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka, na mwelekeo wake ni kama nyuzi 225.

Je, mwelekeo wa Kitale kutoka Bungoma ni upi? Mwanafunzi achore mstari wa kaskazini katika kila mji. Kwa hakika mistari hiyo hukutana kwenye ncha ya dunia, lakini kwa umbali mdogo kama huu huhesabiwa kuwa sambamba. Mstari unaounganisha miji ndio mkato. Pale Kitale, mstari wa kaskazini ukirefushwa kwenda kusini, pembe kati yake na mkato ni 225 ukitoa 180, yaani nyuzi 45. Pembe mbadala yake iko Bungoma, kati ya kaskazini na mkato, nayo pia ni 45. Jibu huandikwa 045. Anayetaka kuhakikisha atumie pembe za ndani za upande mmoja: Kitale, kutoka kaskazini kupitia magharibi hadi kwenye mkato, ni 135, ukiongeza 45 ya Bungoma, unapata 180.

Mwanafunzi aliyezoea herufi hawezi kufika hapa kwa urahisi, kwa sababu Z ya mchoro huu imelala upande na mistari yake imesimama wima. Aliyezoea kuuliza ni mistari ipi iliyo sambamba hasumbuki na mlalo wa mchoro. Hoja akishaieleza kwa Kiswahili kwa jirani yake wa dawati, aiandike kwa Kiingereza kama mtahini anavyotaka, na kila usawa autolee sababu yake, kisha ajaribu safari nyingine: mji ukiwa katika mwelekeo wa nyuzi 110 kutoka Bungoma, Bungoma iko katika mwelekeo wa nyuzi 290 kutoka mji huo.