Picha za Uti wa Mgongo Baada ya Ajali ya Kuzamia

Mzamiaji aliyepanda juu kwa haraka, kisha miguu ikafa ganzi au akashindwa kukojoa, yumo hatarini. Huenda amepatwa na ugonjwa wa mgandamizo. Somo hili laeleza nafasi ya picha za hospitali katika ajali hiyo.

Chanzo cha madhara

Kwenye kina cha mita 10, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu ya maji. Naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huyeyuka katika damu. Mzamiaji akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa pumzi. Akipanda upesi, hufanya viputo, kama soda inapofunguliwa. Viputo hivyo vyaweza kuzuia damu kupita katika uti wa mgongo, hasa sehemu ya kifua.

Kipimo gani huonyesha nini?

• MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Ndicho kipimo bora cha kuonyesha uvimbe katika uti wenyewe. Mjulishe mhudumu iwapo una kifaa cha moyo au chuma mwilini.
• CT huonyesha mifupa vizuri, lakini aghalabu haionyeshi jeraha hili.
• Eksirei ya kifua yaweza kuhitajika daktari akishuku kuwa pafu limevuja hewa.

Zingatia: MRI yaweza kuonekana safi ilhali mgonjwa ameumia. Ugonjwa huu hutambuliwa kwa dalili na historia ya kuzamia. Kwa hiyo, oksijeni na chumba cha mgandamizo visisubiri foleni ya MRI.

Hatua za kuchukua

1. Mlaze mgonjwa, apewe oksijeni ya asilimia 100. Usimrudishe majini.
2. Mweleze daktari kina, muda wa kuzamia na saa dalili zilipoanza.
3. Kabla ya kulipia kipimo, uliza: "Je, jibu lake litabadili tiba? Je, tiba itacheleweshwa?"
4. Dai stakabadhi, ripoti na nakala ya picha; zitafaa kwa bima na kwa kulinganisha baadaye.

Kabla ya safari ya kuzamia, uliza kama chombo kina oksijeni, chumba cha mgandamizo cha karibu kiko wapi, na kama bima yako hukilipia.

Jipime

MRI ya ndugu yako imetoka safi, lakini mguu ungali na ganzi. Je, arudi nyumbani?

Jibu: La. Dalili ndizo zinazoamua, si picha. Aonwe upesi na daktari mwenye ujuzi wa tiba ya wazamiaji.